Majira Mawili Katika Ua Mmoja

Mpaka leo sipendi kuuona mlima ukiwa wazi. Wageni hufika Kasese, wakabahatika kuiona theluji asubuhi bila wingu hata moja, wakashangilia na kuniuliza kama naiona hivyo kila siku kutoka dirishani kwangu. Nawajibu ndiyo, karibuni chai, kisha naingia ndani kujaribu makomeo ya madirisha. Mlima ukijifunua wote mwishoni mwa kiangazi, ukasogea mpaka mikunjo yake ikaonekana, basi mvua iko nyuma yake. Na katika miaka yangu ya kwanza ya ndoa, mvua ilikuwa inamjia mume wangu.

Sitii chumvi. Alikuwa na pumu. Alikuwa Mwislamu, msafirishaji mwenye lori lake kuukuu, akipakia pamba, samaki wakavu na chumvi ya Katwe na kupeleka Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na kurudi na kahawa na mawese. Mwanamume mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Lakini kiangazi kilipokatika na matone ya kwanza kupiga vumbi, kifua chake kilijifunga, na sauti ile ikabaki mluzi. Kila mwaka mluzi ulizidi kuwa mwembamba. Mimi, binti wa wakulima wa Maliba, niliambiwa na dada zake siku ya harusi kwamba nimepata mume mwema, nimtunze tu wakati wa mvua. Waliyasema hayo kwa wepisi, kama mtu anayekuonyesha nyumba na kukwambia mlango wa nyuma unakwama kidogo.

Tulikaa katika safu ya maduka karibu na stesheni. Reli ilikuwa bado mpya, imeletwa kwa ajili ya shaba ya mlimani, na watu walikuwa bado wanatoka nje kuitazama treni. Nyuma tulikuwa na ua mmoja na familia ya Kihindi iliyouza vitambaa: mwenye duka, mkewe, watoto wao, na mama yake mzazi. Wajukuu walimwita huyo mama Ba, na sisi tukamwita Ba. Alikuwa mdogo wa mwili, na sari nyeupe ya mjane, miguu peku, na macho yaliyojua chungu chako kimebakiza nini kabla hujakifunika. Alikuwa amemfuata mwanawe Afrika akiwa tayari na mvi.

Ba hakuwa mganga, na ukimwita hivyo alinuna. Alichokuwa nacho ni desturi ya kwao ya kuutunza mwili kwa kufuata majira. Elimu hiyo, alisema, inaitwa Ayurveda, ni ya kale, na kila mama wa nyumba kule anajua sehemu yake. Mwaka wake ulikuwa na misimu sita, wala si miwili ya jua na mvua kama yetu, na kila msimu una vyakula vyake, mafuta yake na mahali pake pa kulala. Alichokiogopa ni yale maungio, aliyoyaita milango, pale msimu mmoja unapoachia na mwingine unaposhika. Hapo, alisema, usibadilishe kitu kwa ghafla. Uliyoyazoea yaache kidogo kidogo, mapya yashike kidogo kidogo, mpaka mwili uvuke bila kushtuka.

Alimsikia mume wangu akikohoa ng'ambo ya ukuta, akaja bila kualikwa. Alimshika kifundo cha mkono akasikiliza mshipa kwa vidole vyake, kisha akamwamuru atoe ulimi. Mume wangu, aliyekuwa akibishana na askari wa mpakani bila kupepesa macho, akautoa.

"Bwana yako hapana gonjwa ya mvua, dikri," akaniambia. Dikri kwao ni binti. "Yeye iko gonjwa ya kuingia mvua."

Tangu siku hiyo kifua kile kikawa kazi yetu wawili. Katika miezi ya vumbi Ba alimpaka mafuta ya simsim ya uvuguvugu mgongo mzima, akamtilia samli katika maziwa ya moto, na tone la mafuta katika kila tundu la pua kabla hajapanda kwenye marobota ya pamba. Kikohozi cha pamba kikapungua kweli. Nikampenda Ba kwa ajili hiyo. Nilimpelekea ndizi na maharage kutoka kwetu, naye akanifundisha kuchambua tangawizi nzuri na mbaya kwa kuivunja na kuinusa.

Kisha ukaja wakati wake wa joto. Alikuwa na kalenda ya kwao ukutani, yenye picha ya mungu wao mmoja, na kila ilipomwonyesha kwamba miezi ya moto inakaribia, aliiondoa tangawizi na asali yote. Mahali pake akaleta mtindi uliochapwa na maji, matango, na maji yaliyolala katika chombo chake cha shaba. Akaamuru kitanda cha kamba kitolewe barazani ili mume wangu alale penye upepo. Mwaka wa kwanza mvua ilipoanza alipigwa vibaya. Mwaka uliofuata vibaya zaidi. Sisi tulilaumu vumbi, tukalaumu pamba, tukalaumu moshi wa treni.

Mwaka wa tatu niliona midomo yake ikibadilika rangi. Ilikuwa mchana, mvua inatwanga mabati, naye ameketi ukingoni mwa kitanda ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni, anavuta na hakuna kinachoingia. Alinitazama. Hakuweza kusema, na mimi sikuweza kumsaidia, nikabaki nimeshika kanga yangu kifuani na kuita Mungu. Daktari alipomdunga sindano na pumzi ikarudi, alinivuta nje akaniambia kwamba moyo wake umechoka na mapambano hayo. Mara nyingine kama hii, akasema, usitegemee sindano.

Siku chache baadaye Ba alikuja kukaa nasi. Mvua ilikuwa ile ile. Alimpa mume wangu bilauri ya mtindi, akajikunja juu ya mkeka, na ili kunituliza akaanza kunisimulia kwao. Ilimbidi karibu apige kelele ili nimsikie.

"Sasa kwetu kunguru iko fungua mudomo kwa joto! Ng'ombe hapana toka kivulini. Watu yote nalala juu ya nyumba. Mwezi hii ni moto, dikri. Moto tu!"

Nikatazama nje. Ua ulikuwa umejaa maji na ndala za wajukuu wake zilikuwa zinaelea. Nikamtazama mume wangu, blanketi mabegani, anakunywa mtindi wa baridi kwa adabu. Ndipo nikaliona jambo zima kwa mara moja. Kila mwaka tulikuwa tunamwandaa kuingia motoni, tunampoza, tunamlaza nje, halafu tunamsukuma kwenye baridi.

"Ba," nikasema, "mwezi huo wa moto uko wapi?"

"Kwetu."

"Na sisi tuko wapi?"

Alikuwa mwerevu, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliangalia bilauri mkononi mwa mume wangu, akaangalia mlango uliojaa mvua, na uso wake ukazeeka mbele yangu. Aliichukua bilauri ile, akainuka, akapita uani katikati ya mvua bila kujifunika kichwa. Mlango wa upande wao ukafungwa.

Ulibaki umefungwa kwa muda mrefu. Nilipomsalimu uani aliitika kwa kichwa tu, naye akageukia nguo zake za kuanika. Mume wangu alinilaumu.

"Umemunyanganya yule mama kitu," alisema. "Yeye iko na nini ingine hapa? Iko na ile miezi yake tu."

Nilimjibu kwamba ningemnyang'anya mtu yeyote chochote ili yeye avute pumzi. Nilikuwa na hasira na sikuificha. Sikujuta, na sijuti.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko chochote ninachokumbuka. Nyasi zilichomwa kila upande, na moshi ukakaa juu ya Kasese mpaka mlima ukapotea kabisa. Kumbikumbi walitoka, watu wakawakaanga, na mvua haikuja. Mume wangu alikuwa mzima, anacheka, anapakia, na kila nilipomsikia akicheka nilitoka nje kutafuta mawingu, maana nilijua anachokisogelea. Ramadhani ikaingia. Naye akafunga, barabarani na joto lile, hataki kusikia ruhusa ya msafiri wala ya mgonjwa.

Ndipo Ba akaja. Alisimama kizingitini, mikono ndani ya sari.

"Sema wewe," akaniambia. "Mimi najua ya kufanya mulangoni. Mulango yenyewe hapana jua. Mvua yako nakuja lini?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kukimbia. Elimu yake ilikuwa nzima, nilijua hivyo; ilikuwa imekosa mahali pa kuanzia tu, na sasa ananiomba mimi nimwonyeshe mahali hapo. Nikiitaja mvua mapema mno, mume wangu atajazwa vya moto katika jua kali na mwili utachoka kabla ya vita. Nikichelewa, nitamwona tena ameshika nondo za dirisha.

Nilikwenda Maliba kumuuliza mama yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa amepanda maharage kwa kuutazama mlima. Alikuwa hajapanda. Alisimama shambani, akautazama ule moshi uliofunika kila kitu, akasema kwa Lhukonzo, lugha yetu, kwamba yeye mwaka huu haupendi. Nilirudi na hofu kubwa zaidi kuliko niliyokwenda nayo.

Jibu nililipata katika ghala yetu wenyewe. Mume wangu alikuwa ameweka magunia ya chumvi ya Katwe ukutani, yakisubiri safari. Chumvi ile ni ya mabonge, na kiangazi chote ilikuwa inakwaruza mikono kwa ukavu. Asubuhi moja niliingiza mkono kuchota ya jikoni, nikautoa ukiwa umelowa. Nikashika chini ya gunia la pili. Sakafu ilikuwa na unyevu. Nje jua lilikuwa linawaka na anga haina kitu, lakini chumvi ilikuwa imeanza kunywa maji kutoka hewani.

Niligonga mlango wa Ba. "Sasa," nikamwambia. Alikuja, akaishika chumvi, akailamba kidoleni, akaamini.

Alianza siku hiyo hiyo, na kwa ule utaratibu wake wa polepole. Samli ikapungua kidogo kidogo, mtindi ukakatazwa, maji yote yakawa ya moto. Daku ikaanza na tangawizi, manjano na pilipili manga, na asali niliyoagiza kwa mjomba wangu Nyakalengija. Kifuani mafuta ya haradali, juu yake fulana nzito. Matone ya pua mume wangu aliyakataa mchana kwa sababu ya saumu, basi Ba akayahamishia baada ya futari bila kubishana. Ba pia alikuwa na mfungo wake wa siku zile, wa matunda na maziwa, na jioni waliulizana hali ya njaa na kutaniana, huyu akijigamba kwamba wake ndio mgumu. Mimi nilinunua kuni kavu nikazijaza ghalani mpaka darini, za kuchemsha maji ya kumfukiza kifua mvua ikifika.

Lakini mvua haikufika. Jua liliendelea, na mume wangu akatembea mjini na fulana yake, jasho linamchuruzika, ananuka haradali. Wapakizi walimcheka. Akaanza kukonda, na siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mimi iko napikwa muzima muzima!" akanifokea. "Mvua iko wapi? Onyesha!"

Nilisema chumvi imelowa. Akacheka vibaya, akapakia magunia yale yale, akaondoka kwenda Bwera kwa soko la mpakani. Nilimtupia chupa ya haradali kupitia dirisha la lori, naye aliidaka bila kunitazama.

Alasiri ile upepo uligeuka na moshi ukaondoka wote kwa pamoja. Nilikuwa uani. Nikainua macho, na mlima ulikuwa pale, mzima, mweupe, karibu mno, kila mkunjo unaonekana. Sikuwahi kuuona mzuri hivyo na sikuwahi kuogopa hivyo.

Mvua ya mwaka ule haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote. Tukasikia kwamba mto Nyamugasani umepita juu ya daraja na njia ya Bwera imekatika. Mume wangu hakurudi siku ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Upepo ulipiga mluzi katika mfereji wa bati, na kila ulipopiga niliruka, nikidhani ni kifua chake. Ba alikaa nami jikoni. Alitwanga tangawizi ya mtu asiyekuwepo, akaifunika, na kesho yake akaimwaga na kutwanga nyingine.

Aliyeleta habari ni mwanamke muuza samaki, aliyevukia juu, mtoni palipo na mawe, na furushi kichwani.

"Weye njo mama wa ile kamyo ya munyu?" akaniuliza kwa Kiswahili cha Kongo, akimaanisha lori la chumvi. "Bwana yako iko kule Bwera. Beko wote mu bakamyo, mayi imefunga njia."

"Anapumua?" Ndilo neno lililonitoka. Sikumkaribisha hata kuketi.

Alinishangaa. "Kupumua? Ule mutu anaimba. Anapakala batu bote mafuta yake mu kifua. Kambi muzima inanuka."

Nililia pale pale mlangoni, kwa sauti, mbele ya wateja wa duka, na sikuona haya.

Alirudi maji yalipopungua, amelowa mpaka kwenye mifupa na matope mpaka magotini. Ba alimkalisha juu ya kigoda, akamvua fulana, akaweka sikio lake mgongoni. Alisikiliza mahali hapa na pale, macho amefumba, nasi hatukuthubutu kusogea. Halafu akampiga kofi la bega.

"Safi," akasema. "Lori yako ndiyo iko gonjwa."

Tulicheka sana siku ile. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona kilichokuwa barazani kwao mpaka kesho yake asubuhi. Kitanda cha kamba kilikuwa kimetolewa nje. Kando yake chombo cha shaba kimejaa maji, na bakuli la mtindi limefunikwa. Ba alikuwa ameketi juu ya kitanda na sari yake moja nyembamba, mvua inamrukia miguuni.

"Ba, mvua imefika," nikamwambia.

"Kwa bwana yako, ndiyo."

Nilidhani ananitania. Nikaingia kuchukua blanketi, nikamwekea mabegani. Akalikunja vizuri na kunirudishia. Kalenda yake ilikuwa imeingia miezi ya moto.

"Yeye nazaliwa hapa," akasema. "Yeye nafuata mvua ya hapa. Mwili hii nakuja toka kule, dikri, na miezi yake. Mimi hapana toa hiyo."

Mwanawe alimsihi, mkwewe alimsihi. Mimi nilimfokea, ndiyo, nilimfokea mwanamke mwenye umri wa bibi yangu. Nikamwambia atakufa kwa ukaidi na nitakuwa nimeonya. Akacheka, akanishika shavu kwa mkono uliokuwa baridi tayari. Kikohozi kilianza kabla ya Idi. Nilimletea haradali na kitambaa cha moto. Aliruhusu nimpake miguu tu. Daktari alipoitwa, alisikiliza mgongo ule mdogo kwa muda mfupi sana. Mara ya mwisho nilipokaa naye mvua ilikuwa inatwanga mabati kama kawaida, naye alikuwa anajipepea kwa ncha ya sari, anataka maji ya chombo chake, ananiuliza kwa nini kunguru wamenyamaza. Nikamwambia ni joto, Ba. Wamejificha kivulini. Akaridhika.

Kwao maiti huchomwa. Mwanawe alikuja kwetu macho mekundu, akaeleza kwa aibu kwamba Kasese nzima hakuna kuni kavu. Nikamfungulia ghala. Zilikuwa pale, zimejaa mpaka darini, zile nilizoziweka kwa ajili ya kifua cha mume wangu.

Mume wangu aliwapeleka kwa lori mpaka kando ya mto Nyamwamba. Gari halikuweza kushuka mtoni kwa utelezi, basi kuni zikabebwa kwa mabega. Mvua ilikuwa imepumzika, lakini hewa ilikuwa nzito na ya baridi, ile ile iliyokuwa ikimmaliza kila mwaka. Nilisimama juu ya ukingo nikimtazama mume wangu akishuka na kupanda na mizigo yake, akishuka na kupanda, mpaka rundo likatosha. Hakukohoa hata mara moja.